Kufuta Oda ya Siwema

Usiku wa jana niliota nimezuiwa mlangoni pa soko la hisa na saa ya ukutani ya sebuleni kwetu.

Imevaa kofia ya mlinzi. Inanifahamu vizuri, lakini hainisalimii. Naieleza shida yangu. Mke wangu, Siwema, alikuwa amemnunulia binti yetu Nasra hisa. Alipougua akaweka oda ya kuziuza bei ikipanda, ili zilipie upasuaji wake. Aliituma mwenyewe kwa programu niliyomtengenezea, ile inayozungumza na kompyuta za soko moja kwa moja, na akaiagiza ingoje mpaka ifutwe. Siku ya upasuaji haikufika. Oda ingali inangoja, na wiki hii bei inapanda. Ikifika, hisa za mtoto zitauzwa kumtibu mtu asiyehitaji tena kutibiwa.

"Nimekuja kuifuta," nasema.

"Ombi lako lina saa ya Machi," inajibu. "Huku ni Oktoba. Ombi lililochelewa halipokelewi."

"Sasa nifanyeje?"

"Sogeza."

Inaniinamishia uso. Naushika mshale wake na kuusukuma kwa kidole. Mvua za masika zinapita na kunilowesha viatu. Linapita turubai la msiba na viti vyake vya kukodi. Inapita Idi ambayo mimi na Nasra tulikula mkate na chai kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kupika. Naomba nipumzike. Saa inasema wenzangu wote husukuma bila kupumzika, jambo ambalo siliamini hata kidogo. Ninapofika Oktoba mkono unauma hadi begani, machozi yananitoka, na mlango unafunguka.

Ndani ni wodi ya hospitali. Oda zimekaa kwenye benchi kwa kufuata bei: baiskeli isiyo na kiti, beseni, jogoo anayesinzia. Ya Siwema ni begi lake la bluu, lile alilolipanga mwenyewe kwa ajili ya kulazwa. Nilitegemea kukuta namba, lakini ndotoni utabishana na nani.

Ukutani kuna mstari wa chaki. Bei, ambayo ni mjusi, inapanda kuuelekea.

"Akiufikia tu, nauzwa," begi linasema kwa furaha. "Bado kidogo. Mwambie Siwema ajiandae."

"Nimekuja kukufuta."

"Kwa sababu gani?"

"Siwema ametangulia."

"Amri haijulikani."

"Hatunaye tena."

"Amri haijulikani. Na unaomba harakaharaka mno. Ngoja kwanza."

Nangoja. Mjusi hangoji. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiandika ile programu isipokee neno lisilo wazi, nikajisifu sana mezani, na Siwema akanicheka: "Baba Nasra, ipo siku utashindwa kuongea nayo wewe mwenyewe." Namkumbuka alivyocheka huku ameshika kijiko.

Mjusi ananyanyua mguu kuigusa chaki.

"Siwema amekufa," nasema.

Sijawahi kulitamka neno hilo. Tangu Machi nimekuwa nikilizunguka. Hata kwa Nasra nilisema mama amepumzika, kisha nikatoka nje kumwagilia mchicha.

"Nimepokea," begi linasema.

"Kwa hiyo umefutika?"

"Nimepokea ombi. Kufutwa ni jambo jingine. Subiri."

Linafungua zipu yake lenyewe, taratibu. Linatoa taulo, chupa ya chai, doti ya kanga ambayo bado ina gundi ya dukani. Mwisho linatoa kandambili nyekundu.

"Hizi mpelekee mwenye hisa."

Mjusi anavuka mstari. Hakuna kinachotokea. Anaendelea hadi darini na kula mbu.

"Kumbe haji," begi linasema. Limenywea.

"Haji," nasema, na nalikumbatia.

Nikaamka kumekucha. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa soko: oda ya kuuza imefutwa, kwa ombi la mwenyewe. Mimi sikuomba chochote. Kompyuta yenye ile programu iko kwa fundi tangu Jumatatu, na mara ya mwisho nilipopita kuiulizia ilikuwa haina hata kioo.

Nilikaa kitandani nikilitazama begi nyuma ya mlango, mahali ambapo hakuna aliyeligusa tangu Machi. Lilikuwa limenywea.

Nasra akapita kwenda kuoga.

"Shikamoo baba. Ni wewe uliyeniwekea kandambili za mama chini ya kitanda?"

"Marahaba. Kandambili zipi?"

"Si hizi."

Akainua mguu nione. Machi zilikuwa zinampwaya. Sasa zilimtosha.