Upande wa Kovu

...na kalamu ameiacha juu ya karatasi makusudi, daktari huyu, ameiacha kisha akajifanya ameitwa na nesi mlangoni ili mtu abaki peke yake aamue, kana kwamba Mabula ni mgeni wa kubaki peke yake, yeye wa miaka kumi na minne machimboni Nyarugusu, malaria zake zote kaugua mwenyewe, shimo lilipomfukia hadi kifuani waliomfukua ni watu asiojua hata majina yao, na kutoka kwao Samuye hakuja hata mbwa kumwangalia, hadi mwezi uliopita, ndipo akaja shemeji Onesmo na kilo mbili za sukari, sukari ya kupanga foleni, akaketi kwenye mkeka wake na kusema dada yako Paskalia figo zote mbili zimekufa, Shemeji, watampeleka India akipatikana ndugu wa tumbo moja wa kumpa moja... na tangu siku hiyo ni ndugu yetu, ndugu yetu, kaletwa Samuye, kachinjiwa mbuzi, shikamoo za watoto asiowajua zinamfuata hadi chooni, naye amezipenda, Mungu amsamehe, amezipenda mno... “mafuta ya taa yamekwisha, daktari, friji itazimika kabla ya jioni,” nesi anasema pale mlangoni, na Daktari Hatibu anajibu kitu ambacho Mabula hakisikii, maana anasikia bado yale ya mwanzo, aliyoelezwa polepole, kwamba mtu huishi na figo moja iliyo nzima, ila kupasuliwa ni kupasuliwa, na wewe huumwi, Mabula, watakupasua mzima, tena damu zenu zimepatana lakini mwili wake unaweza kuikataa hata hivyo, atameza vidonge kila siku ya maisha yake na huenda bado ikafa, na kitu hiki hakiuzwi, wala mtu halazimishwi, kisha akashusha sauti, kama hutaki niambie mimi tu, nitatoka niwaambie kwamba kiafya hufai, sitaongeza neno, hawatajua kamwe... hawatajua, hapo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka, maana angepata vyote, mbuzi ameshamla, jina la ndugu yetu angebaki nalo, wangesema maskini Mabula alitaka sana kumpa, wangelia naye, na figo zake zote mbili zimetulia kiunoni, lakini wangekuwa wanampenda mtu ambaye hayupo, naye kaketi pembeni anawatazama, upweke gani huo, heri ule wa Nyarugusu, ule angalau ulikuwa wa kweli... na akitoa je, akitoa watakuja kumwona, au baada ya India njia ya Nyarugusu itaota majani tena, na hapo aibu ikamshika hadi masikioni, kwa sababu aliona alichokuwa anakitaka siku zote hizi, alitaka figo iwe kama ng'ombe unayemweka zizini kwa mtu akufugie, maziwa anywe yeye lakini ng'ombe ni wako, lazima akuletee samli, lazima aje na habari kwamba amezaa jike, na ng'ombe akifa akuletee ngozi usije ukasema kamuuza, alitaka watu wenye lazima ya kuja, ndiyo maana alimuuliza daktari, mjinga gani huyu, “Na ikifa ndani yake, nitaletewa?” na daktari hakucheka, alisema, “Hapana. Ukishaitoa ni yake. Huna la kumdai”... na nje, chini ya dirisha, Onesmo anawaambia watu, “Shemeji yangu ni mwanamume, atasaini huyo,” na sauti ya Paskalia, nyembamba, ya mtu aliyevimba hadi macho, “Mwacheni. Akikataa asiulizwe neno,” Paskalia ambaye hajamwomba hata mara moja, kumbe hajamwomba, wameomba wengine wote, yeye anamwita Kaka na kunyamaza, kama siku ile baba alipomfukuza Mabula kwa kuuza ndama bila ruhusa, Paskalia wa miaka kumi akamkimbilia hadi barabarani na kiazi kilichotoka majivuni saa hiyohiyo, amekificha ndani ya gauni baba asione, gauni limegandia ngozi, lengelenge kubwa kama yai, mbele, chini ya kitovu, upande wa kulia, na alichosema ni, “Kaka, bado cha moto,” basi... chini ya kitovu, kulia, palepale daktari alipojigusa koti akieleza kwamba figo ya kupewa hairudishwi mgongoni, huwekwa hapa mbele... mafuta ya taa bado yanazungumzwa mlangoni, kalamu iko ilipo, na Mabula anajua daktari akirudi atamwambia ndiyo, waje Nyarugusu wasije, ngozi hataki, ila kabla ya kusaini ataomba atoke kidogo, kuna neno anadaiwa na Paskalia, maana kile kiazi alikila peke yake juu ya lori, chote na ganda lake, wala hakurudi kumwambia kwamba kilikuwa kitamu.