Mashine ya Mama Yajifunza Kusoma

Fundi wa kompyuta na mdogo wake wa kike walikosana kwa sababu ya mifumo endeshi, yaani programu zinazoendesha kompyuta. Kaka alikuwa wakala wa mfumo wa kulipia, ule ambao kampuni imeufunga usichunguliwe ndani. Dada aliupenda mfumo huria, ambao yeyote anaweza kuufungua na kuurekebisha. Walibishana dukani mbele ya wateja mpaka dada akabeba vifaa vyake, akafungua kibanda ng'ambo ya barabara. Tangu hapo wakawa wanasalimiana kwa kukohoa.

Kisha macho ya mama yao yakafifia. Mama alikuwa mshonaji, na magazeti aliyapenda kuliko chai. Kaka akawahi kumwekea kompyuta mpya inayosoma maandishi kwa sauti. Mama akasikiliza, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mwanangu, huyu anaongea kama kabanwa ulimi na mlango!"

Kaka akaiandikia kampuni iyarekebishe matamshi. Ikamjibu kwa adabu kwamba lugha yao haimo katika mipango yake. Jibu hilo lilimkaa rohoni.

Dada aliposikia, akavuka barabara, akaingia dukani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kukuomba sauti. Mfumo wangu unafundishika, ila unataka mtu wa kuusomea. Yangu nyembamba, mama haipati vizuri. Yako anaijua hata ukiwa bado uko nje."

Kaka alitaka kukataa, kisha akafunga duka, akamfuata. Wakajifungia katika chumba cha mama cha kushonea, wakatundika mablanketi madirishani kuzuia kelele, kaka akasoma sentensi moja baada ya nyingine mpaka koo likakauka. Kila alipokosea, dada alimfinya goti, nao wakaangua kicheko kama walipokuwa wakilala kitanda kimoja utotoni.

Kazi ilipokamilika, wakamfungulia mama gazeti. Sauti ya mwanawe ikaanza kusoma habari za mvua. Mama akaipapasa spika kama anayepapasa shavu.

"Huyu hajawahi kuniongelesha muda mrefu hivi," akasema.

Kaka akainamisha kichwa. Akaizima kompyuta taratibu, akachukua gazeti la karatasi, akavuta kigoda miguuni pa mama.

"Basi leo nisikilize mwenyewe."

Bado anauza mfumo wa kulipia, na bado anabishana na mdogo wake. Siku hizi lakini wanabishania sebuleni kwa mama, naye huwanyamazisha wote wawili: anataka kusikia gazeti.