Mwano Usioitikiwa

Siku ile Mwalimu Donatus aliwagawa wanafunzi mafungu matatu: hawa Bunge, hawa Serikali, hawa Mahakama. Hosiana, aliyepewa urais, akaamuru papo hapo kwamba darasa zima limfulie soksi.

"Mahakama mnasemaje?" mwalimu akauliza.

Limi akasimama. "Amri ni batili, Bunge halijatunga sheria hiyo. Na Rais ajifulie mwenyewe, soksi zenyewe zinanuka."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akachora mishale ubaoni, kila mhimili ukimchunga mwenzake, kisha akasema maneno ambayo Limi alikwenda nayo nyumbani: "Anayekamata asihukumu. Mkiona mtu mmoja anafanya yote mawili, simameni mseme."

Wiki hiyohiyo, kijijini kwao karibu na Segese, kiroba cha mawe ya dhahabu kikapotea kwenye shimo la Kalisti. Kalisti huyo ndiye kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Akamkamata Mageni, baba yake Limi, eti alionekana akipita pale na baiskeli. Akamwachia arudi kwake kungoja mkutano wa kijiji, na mwenye kuuendesha ni Kalisti huyohuyo.

Limi akakimbilia nyumba ya jirani, kwa Mwalimu Donatus.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Nimesikia. Usilie. Nitasimama, nitasema yaleyale niliyowafundisha. Mwambie baba yako asiwe na wasiwasi."

Mama alitaka wahamie kwa kaka zake Kagongwa kabla ya mkutano. Baba akakataa. "Tukimbie kama wezi? Mwalimu atatusemea."

Mkutanoni Kalisti alimaliza kushtaki, akageuka. "Msomi wetu, una neno? Au chaki imekwisha?"

Watu wakacheka. Donatus akainuka nusu. "Mimi ni mgeni hapa. Mkutano ukisema, umesema." Mikono ya kumtia Mageni hatiani ilipoitwa, wa kwake ulipanda. Baba aliutazama mkono ule, kisha akatazama chini.

Wakatengwa. Mtu asiwasalimie. Wasichote maji kwenye kisima cha kijiji. Na wakipiga mwano, ule ukunga wa kuomba msaada ambao Msukuma akiusikia huacha hata tonge mkononi, asitoke mtu.

Bila maji hakuna nyumba. Baba akaanza kuchimba kisima chake mwenyewe nyuma ya jiko. Mchana mmoja kingo zikaporomoka, udongo ukamfunika. Mama akapiga mwano mpaka sauti ikamkauka. Limi alikuwa akifukua kwa sufuria. Alipoinua kichwa alimwona Mwalimu Donatus mlangoni kwake, sepetu mkononi. Mwalimu akatupa jicho upande wa kwa Kalisti, akaiegemeza sepetu ukutani taratibu, akaingia ndani.

Wajomba wa Kagongwa ndio waliokuja kuzika.

Limi aliporudi shuleni, ubao ulikuwa na mishale ileile. Mwalimu alikuwa akirudia somo kwa ajili ya mtihani.

"Limi, pole na msiba, binti yangu." Alingoja. "Haya, tukumbushe. Kwa nini anayekamata asihukumu?"

Limi akasimama, kwa sababu mwanafunzi akiitwa husimama. Akamtazama kama mtu anavyotazama ukuta.

"Limi?"

"Jibu basi, we," Hosiana akamnong'oneza. "Si unalijua?"

Analijua. Hakujibu. Hakuitikia ile pole, hakuamkia, hakukaa. Mwalimu akahamia kwa Apolonia, Apolonia akajibu vizuri, wenzake wakampigia makofi. Limi bado amesimama.

"Kaa chini, Limi," mwalimu akasema. Kisha tena, kwa sauti ndogo, "Kaa, nakuomba."

Donatus akachukua kifutio akaanza kuifuta mishale, mgongo wake ukiwa kwao, na akaendelea kuufuta ubao hata baada ya kuwa safi, mpaka kengele ikalia.