Maji ya Kutasa

Tangu Jumatatu Tryphena hakukalia kiti kikapata joto. Akiinuka, yuko kisimani anachungulia. Akitoka kisimani, yuko barabarani anayakodolea macho malori ya Mombasa, utadhani mojawapo litasimama liungame. Kisima hicho aliachiwa na marehemu mumewe, na ndicho kilichomlisha: nyanya, sukuma, karo ya binti yake Shanice. Sasa maji yake yalinuka dizeli, na nyanya zilikuwa zimekauka zikiwa zimesimama.

Daisy, binti wa ofisi ya maji aliyeleta mashine ya kuvuta kutoka Voi, hakumficha kitu.

"Mama, tunavuta, tunatoa mafuta juu, kesho yamerudi. Kuna mahali yanavuja hapa karibu. Bila kujua ni wapi, tunatwanga maji kwenye kinu. Ijumaa mashine inaenda Kishushe. Tusipopapata, hiki kisima itabidi nikizibe na zege."

Zege! Kwenye kisima cha marehemu!

Dizeli ya magendo si siri pale Maungu. Dereva hunyonya kidogo kwenye tangi la tajiri wake, anamuuzia mtu wa kando ya barabara, naye anaficha. Na mtu ambaye mikono yake haikosi mafuta alikuwa Makokha, fundi wa injini kutoka Bungoma, jirani wa ua kwa ua. Basi Jumatano Tryphena alimwendea mbele ya wateja wake, akamwita mwizi, mgeni aliyekuja kuharibu kwa wenyewe. Makokha alifuta mikono kwa kitambaa.

"Mama Shanice, chimba kwangu popote unapotaka."

Wakachimba. Hawakupata kitu ila spana moja yenye kutu. Mtu mwenye haya angetulia hapo, lakini Tryphena hakutulia. Alizidi kumchukia Makokha kwa kukosa hatia.

Alhamisi jioni kaka yake Elijah alikuja na kibuyu cha maji. Elijah alishuka kutoka Chawia, kwao kwenye milima ya Taita, miaka kadhaa nyuma, akajenga chumba na banda la mbuzi nyuma ya nyumba ya dada yake. Alikuwa mzee wa kanisa, na mambo ya kutasa aliwaachia mababu. Lakini Mdawida, yaani Mtaita, ni Mdawida. Jambo likikwama, humkumbuka babu.

"Umejaa hasira, dada," alisema. "Kisima hakiwezi kusafika na moyo wako uko hivyo. Tasa kwanza, halafu tuongee."

Tryphena alikuwa amemwona baba yao akifanya hivyo mara nyingi: unajaza maji mdomoni, unayapuliza nje, unasema hasira imetoka. Na ikishatoka hairudishwi. Anayeirudisha hujitafutia balaa mwenyewe. Alimkumbuka Makokha na kitambaa chake, akaona aibu kwelikweli. Akajaza mdomo, akapuliza.

"Kama kuna mtu nimemwekea hasira moyoni juu ya kisima hiki, itoke. Awe nani, awe nani. Nimemwachilia."

Akajisikia mwepesi. Elijah akaangalia chini.

"Mapipa ya dizeli ni yangu," alisema. "Yako chini ya banda la mbuzi. Niliyazika polisi walipoanza msako, halafu nikaogopa kuyafukua."

Tryphena alifungua mdomo. Maneno yote yalikuwepo, makali kuliko yale aliyompa Makokha. Umeniona nikinunua maji ya mitungi! Umenisikia nikimtukana mtu wa watu, ukanyamaza! Lakini mchanga miguuni pake ulikuwa bado umelowa maji ya kutasa.

"Ulijua," alisema kwa taabu. "Ndiyo maana umenitasisha kwanza."

"Nilikuogopa, dada."

Ijumaa banda lilibomolewa. Mapipa yalitoka yameoza matumbo, na udongo wa chini yake ulikuwa mweusi tititi. Daisy alipiga simu Kishushe kusema mashine itachelewa. Udongo ule ukiondolewa wote, alisema, maji yatachukua miezi lakini yatasafika. Watu wakampa Tryphena mkono wa pongezi. Aliupokea, hajui hasira yake aipeleke wapi. Elijah alikuwa shimoni, anachimba kwa bidii kuliko vibarua wote.

Tryphena alichukua kile kibuyu, akakijaza maji, akaenda kwa Makokha.

"Fundi, nimekukosea, tena mbele ya watu. Kwetu mwenye hasira hujaza mdomo maji akaitema, mambo yakaisha. Nakuomba uiteme."

Makokha alikipokea kibuyu, kisha akatazama ng'ambo ya ua, kule shimoni.

"Na yule? Ya kwake umeitema?"

"Nimeitema. Kabla hajaniambia."

Fundi akamrudishia kibuyu kikiwa kimejaa.

"Basi mimi sitemi leo, Mama Shanice. Wacha nikasirike kwanza. Lazima mmoja wetu akasirike."

Tryphena aliketi juu ya tairi kuukuu pale mlangoni. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

"Kasirika, fundi," alisema. "Kasirika na kwa fungu langu."