Picha Zilizoombwa kwa Gichiaro

Mpwa wangu Mukami alifungua kitabu chake cha hadithi juu ya meza ya dada yangu huko Kanja, nami nikaliona zimwi langu likinikodolea macho. Lilikuwa zimwi lenye mibuni iliyoota mgongoni, na wanawake wanne wamepanda ngazi, wanachuma kahawa katikati ya mabega yake. Mwanamke wa tatu alikuwa amejifunga kitambaa cha mama yangu, kile chenye tundu. Nilirudi ukurasa wa kwanza kutafuta jina. Michoro: S. Kiogora.

“Anti, unamjua huyu mtu?” Mukami akauliza.

Nilimwambia namjua vizuri. Dada yangu aliniwekea chai, nayo ikapoa mbele yangu bila kuguswa. Huo ulikuwa mwezi wa nane, mwaka wa tisini na tano.

Kuchora nilichora tangu utotoni. Kuuza ndiko kulikonishinda. Nilitumia wino mweusi nyuma ya kalenda kuukuu za chama cha kahawa, maana upande ule ulikuwa mweupe, laini, tena wa bure. Nilichora nyoka anayebeba mto mdomoni kuurudisha mlimani. Nilichora ndege wenye nyuso za akina mama wa kwaya. Mwenye duka la vitabu mjini Meru aliuliza kama nimewahi kuombewa. Wa duka la vinyago Nanyuki alikuwa mpole zaidi: alisema wageni wanataka simba, tena simba wa kawaida, mwenye kichwa kimoja. Nilirudi Githongo na bahasha yangu kwapani nikicheka peke yangu njiani, lakini moyoni nilikuwa nimeumia.

Ndipo alipotokea Kiogora. Alikuwa mwandika mabango mjini Meru. Nusu ya ng’ombe waliochorwa kwenye kuta za bucha za mji ule walikuwa wake, na wote walikuwa na macho ya binadamu. Alisema amefahamiana na mhariri fulani Nairobi anayetafuta michoro ya vitabu vya watoto. Alizitazama picha zangu ishirini na mbili, moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu mbuzi wa mwenzake. Kisha akamgeukia baba, Mzee Mutembei, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni, akahakikisha anasikia.

“Kananu,” akasema, “nakuomba kwa gichiaro. Nipe hizi picha.”

Ukoo wake na wetu ni wa gichiaro. Kwetu hilo si jambo dogo. Ni undugu wa kiapo walioapa mababu: mwenzako akikuomba kitu kwa jina hilo humnyimi, naye hawezi kukuhadaa, maana laana haitamkosa, yeye wala watoto wake. Baba aliuamini undugu huo maisha yake yote kama wengine wanavyouamini ufalme wa mbinguni. Mwaka wa sitini na moja alimpa mtu wa gichiaro mtamba wake wa pekee kwa sababu aliombwa, na hadi leo hajui alikoishia. Alipomsikia Kiogora aliacha maharagwe, akanitazama, akatikisa kichwa kukubali.

Nami nikatoa. Sikudai hata kikaratasi, kwa kuwa kumwandikisha mtu wa gichiaro ni kumtukana mchana kweupe. Tena niwe mkweli: nilifurahi. Nilidhani gichiaro ni imara kuliko wakili yeyote. Nilidhani anaomba azipeleke tu, kumbe aliomba awe nazo. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyemfunulia nguo.

Kutoka Kanja nilipitia Embu mjini, nikapiga simu kwa wachapishaji wa kitabu kile kutoka posta. Mama aliyepokea alinisikiliza kwa adabu. Alisema Bwana Kiogora alizileta picha mwenyewe, akaeleza kwamba ni mali yake, kwamba alipewa zawadi na jamaa yake. Basi hata huko hakudanganya. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Nyumbani sikumwambia baba habari za kitabu. Nilisema tu kwamba nazitaka picha zangu, zimekaa sana. Alicheka. “Si umwombe vile alikuomba? Hawezi kataa.”

Nikaenda. Karakana ya Kiogora ilikuwa nyuma ya soko, na siku ile alikuwa akiandika bango la kinyozi. Aliniona, brashi ikasimama hewani. Nilimwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, kwamba namwomba kwa gichiaro anirudishie picha zangu, na jina langu liandikwe kwenye kitabu.

Aliifuta brashi kwa kitambaa, taratibu sana.

“Kananu dada yangu, mimi niliokoka mwezi wa nne. Hizo vitu za gichiaro ni za wazee. Niliziwacha kwa madhabahu.”

“Uliniomba kwa gichiaro.”

“Na si ulinipa?”

Hakuona haya. Alinitazama kwa macho meupe, ya mtu aliyelala vizuri, akaniambia ataniombea. Nilitamani kummwagia kopo la rangi nyekundu kichwani. Sikummwagia. Niliondoka, na hasira ilinishika kiasi kwamba nilipita kituo nilikopaswa kungojea gari, nikajikuta natembea tu.

Baba alikuwa akinisubiri mlangoni, fimbo magotini. “Amekupa?”

Nilimtazama. Miaka themanini na tatu, na hakuwahi kumnyima mtu wa gichiaro kitu chochote. Kama gichiaro ni uongo, basi mtamba yule aliibiwa, na si mtamba tu.

“Amenipa,” nikasema. “Nimeziacha kwa Makandi zisinyeshewe.”

Akafurahi mpaka akapiga fimbo chini. Kisha akataka kuziona.

Kwa wiki tatu nilikaa kwa rafiki yangu Makandi, fundi cherehani, nikizichora upya kwenye kona ya meza yake huku yeye akishona sare za shule. Zimwi, mibuni, ngazi, kitambaa chenye tundu. Kila mstari niliujua, na kila mstari ulinikataa, maana sasa nilikuwa nikijiiga mwenyewe. Siku moja Makandi alisema afadhali ningelia.

Baba alizitazama zote ishirini na mbili, karibu kabisa na macho. “Hajakunja hata moja,” akasema. “Huyo ni mtu. Kesho umpelekee jogoo, yule mwekundu.”

Nilimkamata yule jogoo asubuhi, nikamuuza sokoni Githongo, nikanunua wino. Jioni baba aliuliza kama zawadi yake imepokewa vizuri.

“Ameipokea kwa mikono miwili,” nikamwambia. “Na anakusalimu.”