Legeza Mkono

Kuna mtu mmoja tu duniani ambaye siwezi kukaa naye chumba kimoja bila kutafuta kwa macho kitu cha kumrushia, na mtu huyo ndiye fundi pekee mjini anayejua kuchonga shingo ya gitaa. Ni kaka yangu, tumbo moja. Jumatatu asubuhi niliposukuma mlango wa karakana yake tulikuwa na miaka minane hatujasemeshana. Alikuwa ameinamia meza, miwani puani, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Sikumpa shikamoo.

"Fundi, nina kazi," nikasema.

Akaweka patasi chini polepole. "Fundi? Leo mimi ni fundi?"

"Kwani hapa ni kwa kinyozi?"

Angeweza kunifukuza, na nadhani alilifikiria. Lakini macho yake yalishashuka kwenye mkono wangu wa kushoto, ambao nilikuwa nimeufunga kitambaa kwenye kiganja. Kazi ni kazi.

Nilimweleza kwa kifupi, maana sikuja kupiga soga. Bendi kubwa ya mjini ilikuwa imempoteza mpiga gitaa wa solo, na kiongozi wao, ambaye watu wote humwita Mzee Mguno kwa sababu ndiyo lugha yake, alikubali kunijaribu Jumamosi saa tisa alasiri. Nyimbo nane mfululizo, bila kupumzika. Miaka saba nimekuwa nikishika nafasi za wapigaji walioumwa na waliolewa, narudi nyumbani wakipona. Hii ilikuwa nafasi yangu mwenyewe. Shida ni kwamba gitaa langu la dukani lina shingo nene kama mpini wa jembe, na nikifika wimbo wa nne kidole gumba kinawaka moto hadi kwenye kiwiko. Wimbo wa tano naanza kukosea.

"Nataka shingo nyembamba," nikamaliza. "Mwili wa gitaa ubaki, ubadilishe shingo tu."

Akachukua rula, akaupima mkono wangu bila kuomba ruhusa, kutoka ncha ya kidole gumba hadi kidole cha mwisho.

"Mdogo," akasema.

"Nilizaliwa nao. Nilifikiri utaniambia jipya."

"Jipya ni hili. Ninyi wenye mikono midogo mna wimbo mmoja, shingo nyembamba, shingo nyembamba. Ikiwa nyembamba mno kidole gumba kinakosa pa kuegemea, mkono unabaki unabana hewa. Mtu anaumia kuliko mwanzo. Shingo nzuri inajaza kiganja, haikipasui wala haikiachi kitupu."

"Wewe ndiye wa kunifundisha mimi habari za shingo nyembamba?"

Akairudisha rula mezani bila kuitazama. Nilifurahi kuona limempata.

Baba yetu alikuwa na gitaa moja, na mimi ndiye niliyekuwa nikilipiga. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Kaka alikuwa na kumi na tisa, mwanagenzi wa useremala, mwenye kimbelembele cha mtu aliyeshika randa miezi mitatu. Siku moja sisi wote tukiwa tumetoka alijifungia chumbani kwake na gitaa, akaanza kuipunguza shingo ili aje kumwonyesha baba ufundi wake. Alipunguza, akapunguza. Alipokaza nyuzi, shingo ikavunjika, nami niliporudi nilimwona dirishani, randa mkononi na gitaa vipande viwili. Baba aliporudi aliambiwa kwamba mimi nimeliangusha kwenye ngazi. Nililia, nikaapa, nikaitwa mwongo. Baba hakunipiga. Alisema tu kwamba mtu asiyejua kutunza kitu hastahili kupewa kingine, na hakunigusia tena habari za muziki mpaka tulipomzika miaka sita baadaye. Msibani nilimwambia kaka aseme ukweli mbele ya mama. Alinitazama machoni akasema sijui unazungumzia nini. Tangu siku ile yeye kwangu ni ukuta, tena ukuta wa choo.

Haya. Sasa nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake.

Kaka hachongi kwa kukisia, hilo namkubalia. Ana utaratibu wake ambao sijausikia kwa fundi mwingine. Anachukua kibanzi bapa cha mbao, anakizungushia nta aliyoilainisha kwenye beseni la maji moto, kisha anakupa ushike kama unapiga gitaa, mpaka nta ipoe. Mkono wako unaikandamiza nta pale unapotaka nafasi, unaiacha pale usipotaka. Anaikata, anaipima, anachonga shingo kwa umbo hilohilo. Watu wanatoka mbali kuja kushika nta ya kaka yangu.

"Shika," akasema. "Usifikirie chochote."

Nikashika. Yeye akageuka kunoa patasi, akaanza kupiga mluzi. Alikuwa anapiga mluzi! Nilitazama kisogo chake na lile vumbi shingoni, nikawaza jinsi baba alivyonigeuzia mgongo mlangoni, na mluzi hauishi. Nta ilipopoa aliichukua, akaitazama kwa muda, akanitazama mimi.

"Una uhakika?" akauliza.

"Chonga."

Alhamisi alinikabidhi gitaa. Shingo ilikuwa nyembamba kweli, laini, inateleza mkononi. Nilikwenda nayo nyumbani nikicheka peke yangu njiani. Nikafunga mlango, nikaanza wimbo wa kwanza kwa raha zangu. Wimbo wa pili kidole gumba kikaanza kuchoma. Wa tatu vidole vikakakamaa nikashindwa kuvikunjua, ikabidi niviondoe kwenye nyuzi kimoja kimoja kwa mkono wa kulia. Nilikaa sakafuni. Hasira ilinipanda mpaka nikasikia masikio yakivuma.

Ijumaa karakana ilipofunguliwa mimi nilikuwa mlangoni.

"Umefanya makusudi!" Sikusubiri aingie. "Umeniharibia la kwanza, sasa umeniharibia la pili!"

Akafungua kufuli, akaingia, akavuta droo. Akatoa ile nta yangu akaitupa mezani.

"Hebu itazame. Hii ni shingo ya gitaa? Hili ni koo la mtu. Umebonyeza mpaka kucha zimeacha alama. Hapa ulikuwa unaninyonga."

"Ndiyo. Nilikuwa nakunyonga."

"Basi nimekuchongea ulichoniletea."

"Na uliona? Uliona siku ileile kwamba haitafaa?"

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Niliona," akasema. "Nilikuuliza kama una uhakika. Umeingia kwangu hata salamu hujatoa, unaniita fundi, unaniamuru chonga. Nikachonga."

Nilitaka kumpiga. Nasema ukweli wangu, nilishaishika tupa iliyokuwa karibu. Kilichonizuia ni hesabu: saa tatu asubuhi Ijumaa, na majaribio kesho yake saa tisa. Nikairudisha tupa mezani.

"Unaweza kutengeneza nyingine?"

"Nina shingo moja imeshapigwa vile vyuma vya mbele, imebaki kuchongwa mgongo tu. Nikianza kabla ya adhuhuri, kesho asubuhi inafungwa skrubu nne unaondoka. Lakini unipe mkono wa kweli."

Akachemsha maji. Nikakaa kwenye kigoda, nikashika nta. Ikapoa, akaikata, akaipima. Milimita kumi na tisa. "Legeza mkono," akasema. Tukarudia. Kumi na nane na nusu. "Nimesema legeza!" "Nimelegeza!" "Hujalegeza, unaing'ang'ania kama kuna mtu anakunyang'anya!" Mara ya tatu ikatoka kumi na nane, na vidole vilikuwa vimezama hadi kwenye mbao. Akaitupa kwenye beseni, maji yakamrukia.

"Huu mkono hautalegea," nikamwambia. "Labda umpigie mama simu."

"Mama anaingiaje hapa?"

"Unajua anavyoingia. Mpigie, useme nani alivunja gitaa la baba. Mimi usinieleze, mimi nilikuwepo. Mweleze yeye."

"Mambo ya miaka kumi na minne?"

"Basi acha. Kesho nitapanda jukwaani na hii uliyonipa, nitashindwa wimbo wa tatu mbele ya wapigaji wote wa mji huu, na wakiniuliza nani kanichongea nitawatajia. Nitawatajia na mtaa."

Hapo ndipo nilipomgusa. Kwa ajili yangu asingetoa hata jasho, lakini jina lake ni kitu kingine. Alizunguka meza mara mbili, akatukana, akachukua simu. Kabla ya kubonyeza alinizungushia nta mpya kwenye kibanzi akanipa nishike. Fundi hata akiwa anaaibika hapotezi muda. Akaweka simu mezani, sauti ya nje.

"Mama, shikamoo. Niko hapa na mdogo wangu."

"Marahaba. Mko pamoja? Ninyi wawili?" Mama akashtuka. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama." Akakohoa. Alikuwa anatazama misumari ukutani kana kwamba anaihesabu. "Nataka kukwambia jambo. Lile gitaa la baba. Hakuliangusha yeye. Nililivunja mimi. Nilikuwa naipunguza shingo kwa randa, nikapitiliza. Nikamsingizia."

Nilikuwa nimeisubiri sentensi ile nusu ya maisha yangu. Nilishaipangia hata majibu ya mama: atapiga kelele, atamlaani kidogo, ataniita kwa jina la utotoni, atalia. Niliibana nta nikingoja.

"Hilo ndilo mmenipigia?" mama akasema. "Mimi nalijua."

Kaka akageuka akaitazama simu.

"Unalijuaje?"

"Kesho yake nilifagia chini ya kitanda chako. Maranda yalijaa mpaka ukutani. Gitaa lililoanguka kwenye ngazi linaacha maranda?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza alikoweka chumvi. "Nikayachoma jikoni kabla baba yenu hajarudi kutoka kazini."

"Mama," nikasema. "Ulijua, ukamwacha baba aniite mwongo?"

"Baba yako angemfukuza kaka yako siku ileile. Ulikuwa unamjua baba yako. Wewe asingekufukuza, angekununia tu. Nikaona bora wewe ununiwe kuliko huyu alale nje."

"Alininunia miaka sita. Akafa amenuna."

"Sasa ningefanyaje, mwanangu? Yameshapita. Mmekula?"

Akasema basi mtanipigia, akakata.

Nilitaka kukasirika, nikaitafuta hasira nikaikosa. Miaka yote ile nilikuwa na adui mmoja, nimemzoea, najua pa kumgonga. Sasa nilikuwa nimekaa kwenye kigoda na sina nguvu hata za kuinua kichwa. Mabega yameshuka, kiganja kimelala kwenye nta kama mkono wa mtu aliyesinzia.

"Hapo hapo," kaka akasema kwa sauti ya chini. "Usisogee."

Sikusogea. Alisimama karibu yangu mpaka nta ikapoa. Kisha akanitoa vidole taratibu, akaikata, akaipima mara mbili. Ishirini na tatu, nene kuliko nilivyowahi kuota, karibu sawa na ile ya dukani, ila mabega yake yameteremka upande wa kidole gumba. Akafungua kinywa kusema kitu, nadhani alitaka kuomba radhi.

"Chonga," nikamwambia, nikatoka.

Jumamosi nilipiga nyimbo zote nane. Shingo ilijaa kiganjani, kidole gumba kikaegemea pale kinapotaka, na wimbo wa sita nilisahau kabisa kwamba nina mkono. Mzee Mguno aliguna mara mbili, na wapigaji wakaniambia mara mbili maana yake ndiyo. Mazoezi yanaanza Jumanne.

Mama alipiga nikiwa nafunga mkoba wa gitaa. Akauliza kama nimepata nafasi, nikamwambia nimepata. Akamshukuru Mungu. Akauliza kama mkono umeuma. Nikamwambia mkono hauumi hata kidogo, kisha nikangoja aniulize kinachouma. Akaniambia nisichelewe kurudi, kuna dalili za mvua.