Dume Lililoacha Kundi

Mume wangu Andongwisye, mwalimu mstaafu wa jiografia, hakutaka uongo kwenye riwaya yetu. Dunia yenyewe tuliibuni wenyewe, mezani kwetu hapa Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia, mimi watu, yeye ardhi na wanyama, lakini ole wako uandike mto unaopanda mlima! "Mama Pendo, hata nchi isiyokuwepo ina kanuni zake," ataniambia, kana kwamba nimevaa sare ya shule.

Mnyama wetu mkubwa aliitwa ngwelu: mwili wa pofu, yule swala mkubwa, manyoya ya kondoo, pembe moja iliyojikunja. Niliandika dume zee la ngwelu likirudi baada ya kupotea kwa miaka, kundi likilinusa, kisha likilipisha katikati. Niliandika nikilia. Andongwisye akapasoma kwa sauti mbele ya wageni waliotoka kanisani.

"Uongo mtupu! Dume likiacha kundi, nafasi yake inachukuliwa. Likirudi linapigwa pembe mpaka liondoke. Wasomaji si watoto."

Wageni wakaangua kicheko. Nilifuta ukurasa ule, na siku hiyo nilimchukia mpaka nikakosa hamu ya kula.

Halafu akaanza kukosea yeye. Kwenye ramani yetu mvua ilitoka mashariki ikagonga mlima. Mimi ni mzaliwa wa Ileje. Najua mvua ikishaishia milimani, wa bondeni huko nyuma wanabaki kutazama mawingu. Lakini bwana yule akapaka kijani nyuma ya mlima, ng'ambo ya mto, nyasi za kufika tumboni, na dume la ngwelu likivukia huko kila wiki.

"Baba Pendo, huko maji yanatoka wapi?"

"Kuna chemchemi."

"Tangu lini?"

Akafoka kwamba namchunguza. Nikajua kuna mwanamke ng'ambo.

Jirani yangu Dina, anayevuka mpaka kwenda Nakonde kununua vitenge vya kuuza, ndiye aliyeiona chemchemi yenyewe. Alimkuta mume wangu nyuma ya duka la mwanamke mmoja, amevaa kandambili, anakula. Nilipomuuliza hakukana. Alifungasha nguo zake akahamia huko, na kalamu za rangi akabeba.

Juzi mchana, mvua ikinyesha, akabisha hodi. Amekonda, anakohoa. Yule mwanamke amepata dereva wa lori. Nisidanganye, nilitamani kumpa taulo na chai ya moto.

"Mama Pendo, nifungulie."

Nilisimama ndani ya mlango wa wavu. "Dume likirudi linafanywaje?"

"Ah, mke wangu, ile si hadithi tu?"

"Sema. Kwa sauti, kama siku ile ya wageni."

Barazani kwa Dina wateja walikuwa wanatutazama. Andongwisye alipiga magoti kwenye saruji iliyolowa.

"Linapigwa pembe," akasema.

"Hawajasikia."

"Linapigwa pembe mpaka liondoke!"

Wakacheka kule, na mimi nikacheka nao. Alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Sasa likiondoka," akauliza taratibu, "linakwenda wapi?"

"Hapo hukuandika," nikamwambia, nikasukuma komeo.